Unataka kuhama Boxer kwenda pikipiki ya spoti? Barabara za Moro zina neno kwanza

Wikiendi ukikaa pale Msamvu, unazisikia kabla hujaziona. R6, R1, GSX-R, Ninja, zinaingia kutoka Dar kwa msafara, zinazunguka raundiabauti, nyingine zinanyoosha Iringa, nyingine Dodoma. Zikipita tu, kuna mtu pembeni amekaa juu ya Boxer yake, anaanza kupiga hesabu kimya kimya.

Kama huyo mtu ni wewe, soma hii kabla hujatuma hela ya mtu.

Jibu fupi: kwa wengi wanaoishi Moro, spoti ya cc 600 au 1000 haiwafai, na sababu kubwa wala si hela. Safari zako za kawaida hazina mahali pa kutumia nguvu ile. Halafu mazoea uliyoyapata kwenye pikipiki ndogo, hasa ya breki na akseli, yanaweza kukuangusha kwenye kubwa.

Lakini siyo wote. Twende taratibu.

Nguvu mara kumi, siyo mara nne

Watu wanalinganisha kwa cc. Boxer 150, R6 ni cc 599, basi wanasema ni kama mara nne. Hapana. Boxer 150 ina nguvu farasi kama 12. Yamaha R6 inafika karibu 117, na uzito wake ni kama kilo 190. R1 yenyewe inagusa 200, wakati imezidi R6 kwa kilo chache tu.

Maana yake barabarani ni hii. Kwenye Boxer, ukibeba abiria unapanda kilima, unakamua akseli hadi mwisho na pikipiki inajivuta. Mkono wako umezoea hivyo, mwisho ndiyo kawaida. Kwenye R6, gia namba moja peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Ukikamua hadi mwisho kwa mazoea yaleyale, tairi la mbele linaweza kuinuka, au la nyuma likateleza kama kuna mchanga. Pikipiki imefanya tu ulichoiambia.

Ndiyo maana wanaozijua watakwambia kazi ngumu ni kuiendesha polepole, siyo kuikimbiza.

Breki: hapa ndipo wengi wanapokosea

Angalia boda wengi wakisimama ghafla. Mguu wa kulia unakandamiza breki ya nyuma, mkono unagusa ya mbele kidogo au haugusi kabisa. Wengine waliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba breki ya mbele inaangusha mtu. Kwenye vumbi, na mwendo wa 40, mtindo huo unakubali.

Kwenye pikipiki ya spoti haukubali. Ukishika breki, uzito wote unahamia mbele. Tairi la nyuma linabaki jepesi, likibanwa linafunga na kuanza kuyumba. Kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na diski mbili za mbele, na zina ukali ambao breki ya Boxer haina. Ukizivamia kwa pupa kama mtu aliyeshtuka, tairi la mbele linafunga na unaenda chini kabla hujajua. Zinatakiwa kukandamizwa kwa mpangilio: kidogo kwanza, uzito uhame, ndipo uongeze.

ABS inasaidia sana hapa. Lakini R6 ilianza kuwa na ABS toleo la 2017. Nyingi zinazouzwa mtumba ni za kabla ya hapo. Uliza.

Sasa weka mwendo kwenye hiyo hesabu. Chukua lami kavu, breki nzima, na dereva anayeshtuka kwa sekunde moja. Ukiwa na 50 unahitaji kama mita 28 kusimama. Ukiwa na 100, kama mita 83. Ukiwa na 150, kama mita 166, yaani zaidi ya uwanja mmoja na nusu pale Jamhuri. Mwendo umepanda mara tatu, umbali umepanda karibu mara sita.

Je, barabara zenyewe?

Ukiishi Moro una dunia mbili, na zote mbili zina shida na spoti.

Ya kwanza ni lami kuu. Dar hadi hapa ni karibu kilomita 190, na ni barabara inayobeba malori ya Zambia na Kongo, mabasi, Fuso za nyanya na boda wasio na taa. Vijijini ni vibao vya 50, na trafiki wa tochi unawajua walipo. Kwa hiyo unatoka 50, unaovateki lori, unapata kilomita tatu za uhuru, halafu 50 tena. Mwili umelala juu ya viganja vya mikono muda wote, maana ndivyo spoti zinavyokaliwa. Ukifika Chalinze viganja vinakuuliza kwa nini.

Upande wa Iringa, ukipita Melela na Doma kuna ng'ombe wanaovuka. Kisha unaingia Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, na ukimgonga mnyama kuna faini. Ila kwa mtu wa pikipiki faini ni jambo dogo. Swala akikatiza mbele ya gari, bampa linaumia. Akikatiza mbele yako, bampa ni wewe.

Usiku ndiyo usiseme. Lori likiharibika, dereva anatandika matawi ya miti barabarani kama alama. Kwa mwendo wa 60 unayaona na kukwepa. Kwa 130 na taa ya pikipiki, unayaona ukiwa tayari juu yake.

Upande wa Dodoma, Dakawa kwenda Dumila, kuna sehemu zilizonyooka ambazo zinatia hamu. Sitakudanganya, pale ndipo spoti inapoonekana ina maana. Lakini pia kuna watoto wa shule, baiskeli na wafugaji, na hakuna hata mmoja anayekadiria kwamba kitu alichokiona mbali kule kitakuwa kimemfikia baada ya sekunde tano.

Dunia ya pili ni milima. Uluguru tunaiona kila asubuhi, na ukimwambia mtu wa mbali kwamba unaishi chini ya milima yenye kona kibao, atadhani una bahati ya kulaza pikipiki kila wikiendi. Tatizo kona zetu nyingi si za lami. Ukiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga kwenda Langali na Nyandira, ni kupanda, kona kali, kokoto, na udongo unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Kwenda Morningside ni mawe. Upande wa Kinole na Matombo una vumbi lake kiangazi na tope lake masika.

R6 ina sentimita 13 tu kutoka ardhini hadi tumbo lake. Tairi zake ni pana na hazina meno ya kushika udongo. Shokapu zake ni ngumu na fupi, zimetengenezwa kwa ajili ya lami laini. Kwa hiyo kuna siku kijana wa Mgeta mwenye Boxer na gunia la karoti nyuma atakupita kwenye kilima, wewe na nguvu farasi zako 117, na hatakuwa anajitahidi hata kidogo.

Kama unachotaka ni milima, pikipiki yako ni ile ndefu ya safari, yenye usukani mpana na shokapu ndefu, cc 200 hadi 250. Inapanda, inarudi, na lami inaiweza.

Sheria inakuruhusu, na hapo pana mtego

Leseni ya daraja A1 ni kwa pikipiki zisizozidi cc 125. Daraja A ni kwa zilizo juu ya hapo. Basi. Boxer 150 iko A, R1 iko A. Aliyepata leseni mwezi uliopita kwa ajili ya boda anaruhusiwa kisheria kupanda mashine ya nguvu farasi 200 leo jioni.

Wenzetu wa Ulaya walilikata hili tangu 2013. Kuna daraja la katikati, A2, lenye kikomo cha kilowati 35, karibu nguvu farasi 47. Unakaa hapo miaka 2 ndipo unafanya mtihani wa kubwa, au usubiri hadi ufikishe miaka 24. Hawakufanya hivyo kwa kupenda urasimu. Marekani, taasisi ya IIHS inayofadhiliwa na kampuni za bima ilionyesha mwaka 2007 kwamba vifo vya madereva wa pikipiki kubwa za spoti ni karibu mara 4 ya vile vya pikipiki za kawaida, kwa idadi ileile ya pikipiki zilizosajiliwa.

Hapa kwetu hiyo ngazi ya katikati hakuna anayekulazimisha kuipanda. Ni lazima ujiwekee mwenyewe.

Gharama, kwa haraka

Boxer inakula oili kama lita moja, R6 zaidi ya mbili. Mafuta, usitarajie zaidi ya kilomita 15 hadi 18 kwa lita, kwa hiyo bei mpya za EWURA utazisubiri kila mwezi kama matokeo ya mtihani. Tairi la nyuma ni laini makusudi ili lishike lami, na mara nyingi linaisha kabla ya kilomita 10,000. Spea za Boxer unazikuta kila kona ya Mji Mpya, za R6 unaagiza, na pikipiki inalala wiki. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Haitengenezi pikipiki yako wala mguu wako.

Na ile helmeti ya plastiki ya abiria, isiyofunga kidevu, isahau. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42%, na ya kuumia kichwa kwa 69%. Lakini ni helmeti iliyovaliwa na kufungwa, siyo iliyoning'inia kwenye kiwiko. Ongeza jaketi, glavu na buti. Kama bajeti inatosha pikipiki tu na haitoshi hivyo vitu, basi bajeti haijatosha.

Basi inamfaa nani?

Mtu ambaye pikipiki hii ni ya pili, siyo ya kwenda kazini na kubebea mkaa. Ambaye ameendesha miaka kadhaa bila kuanguka kizembe. Anayetumia breki ya mbele bila kuiogopa. Anayekaa lami, na anayeweza kuwa na mashine ya kilomita 250 kwa saa chini yake na bado akapita Mikese na 50. Huyo wa mwisho ni adimu kuliko anavyojidhania, mimi nadhani.

Kwa wengine, anza katikati. Pulsar 200NS ina nguvu farasi 24 hivi, mara mbili ya Boxer, na mafundi wanaizoea. Yamaha R3 ina kama 42 na Ninja 400 ina kama 45. Kiti chao ni sentimita 78 hivi kutoka chini, wakati R6 ni 85. Hizo sentimita saba ni tofauti ya kukanyaga chini na miguu yote miwili au kusimamia vidole, kwenye foleni ya Msamvu, na kilo 190 zinataka kulala upande. Halafu za cc 400 na 250 mtumba kutoka Japani zipo nyingi, kwa sababu kule leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400, na zisizozidi 250 hazidaiwi ule ukaguzi wa lazima wa magari.

Kama shida yako hasa ni kufika Dar haraka, SGR imeanza Juni 2024, na inakufikisha kwa kama saa mbili ukiwa umelala.

Ukishaamua kununua

Usinunue picha ya WhatsApp. Nenda na fundi, mchana, pikipiki ikiwa ya baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mlio mbaya wa asubuhi. Angalia namba ya chesesi ilingane na kadi, na kadi ibadilishwe jina TRA kabla hela yote haijatoka mkononi. Papasa nguzo za mbele chini ya mipira ya kuzuia oili: vidole vikitoka na oili, jiandae kwa matengenezo. Geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Vile vizuizi vidogo kwenye fremu vikiwa vimepondeka, ilishaanguka vibaya, hata kama rangi inang'aa.

Mwisho soma ubavu wa tairi. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado mpira wake umekauka, haushiki tena lami, hasa ikiwa imelowa.