Fundo la Isnadi

Fundo ni pale nyuzi zinapokutana. Likilegea, wavu wote hulegea. Wanachuoni wa Hadithi wana jina la fundo la isnadi: madar, yaani mpokezi ambaye njia zote humzunguka.

Tuchukue Hadithi ya nia, ambayo Imamu Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria) ameianzia Sahihi yake. Ameipokea Umar bin Al-Khattab (r.a.), kisha Alqama bin Waqqas, kisha Muhammad bin Ibrahim At-Taymi, kisha Yahya bin Said Al-Ansari. Kwa Yahya ndipo walipoipokea wengi, akiwemo Sufyan bin Uyayna.

Wingi huo wa baadaye hauifanyi kuwa mutawatir. Usahihi wake umesimama juu ya uaminifu wa hao wachache. Basi tukiambiwa Hadithi ina njia nyingi, tuulize kwanza: zinakutana kwa nani? Wallahu a'lam.