Mgeni wa Usharika Atapewa Jembe Lini?

Katika sharika nyingi za mjini kuna desturi moja nzuri. Wakati wa matangazo wageni huombwa kusimama, wakataja majina yao na walikotoka, wakapigiwa makofi, kisha wakaketi. Mazungumzo yangu wiki hii yahusu kinachofuata baada ya makofi hayo. Wapo watu walioketi katika benchi lile lile miaka mitano, sadaka wanatoa, ahadi wanalipa, na bado wenye usharika huwaita "wale waliohamia".

Tatizo hili ni la zamani sana. Lilikuwapo mjini Roma kabla Ukristo haujatimiza hata miaka thelathini.

Mwaka 49 hivi, Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi waondoke Roma. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, kinawataja wawili waliokumbwa na amri hiyo, mtu na mkewe, Akila na Prisila, mafundi wa mahema, ambao Paulo aliwakuta Korintho. Klaudio akafa mwaka 54, na waliofukuzwa wakaanza kurejea. Wataalamu wengi wa Biblia wanaona kwamba hapo ndipo mgogoro ulipokolea. Wakristo wasio Wayahudi walikuwa wamebaki peke yao katika makanisa ya majumbani kwa muda wa miaka kama mitano, na sasa waasisi wanarudi na kukuta mambo yamebadilika: nyama yoyote inaliwa, siku za kuheshimiwa haziheshimiwi. Baadhi yao wakaamua kula mboga tu, maana nyama ya sokoni ilitia shaka. Imechinjwa vipi? Imetolewa kwanza kwa mungu gani? Sisi tunaoishi huku twaelewa upesi kwamba suala la kuchinja si dogo.

Paulo aliwaandikia mnamo mwaka 57. Ukisoma Warumi sura ya 14 utaona kwamba hakuitisha kura wala hakuunda kamati. Alitenganisha makosa mawili ambayo sisi hupenda kuyachanganya. Yule anayekula kila kitu, kosa lake ni kumdharau mwenziwe, kwamba huyu ni mshamba wa imani. Yule asiyekula, kosa lake ni kumhukumu mwenziwe, kwamba huyu si Mkristo kamili. Tena Paulo mwenyewe aliamini kwamba hakuna chakula kilicho najisi. Kwa maoni alikuwa upande wa wala nyama, lakini mzigo mzito aliwatwisha hao hao wa upande wake: wao ndio waache nyama ikiwa itamkwaza ndugu. Hapa ndipo wengi wetu tunaporuka aya.

Sasa tuangalie lile neno lenyewe. Neno la Kiyunani ambalo katika Biblia zetu twalisoma kama kukaribishana au kupokeana lina maana ya kumchukua mtu na kumweka upande wako. Ndilo lililotumika katika Matendo 28, pale wenyeji wa Malta walipowapokea watu waliookoka katika meli iliyovunjika, wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Na ndilo lililotumika katika Matendo 18, pale Akila na Prisila walipomchukua Apolo, mhubiri mgeni kutoka Aleksandria, ambaye mafundisho yake yalikuwa na mapengo. Wakamweleza kwa usahihi zaidi. Muda si mrefu ndugu wakamwandikia barua ya kumtambulisha, naye akaenda Akaya kufanya kazi kubwa.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaitumia methali hiyo kumfukuza mgeni mvivu kwa adabu. Mimi naiona vingine: aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba. Apolo alipewa jembe.

Hapa kwetu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Nyuma yake zilikuwapo misheni mbalimbali: ya Leipzig huko Kilimanjaro, ya Berlin Nyanda za Juu Kusini, ya Wamarekani huko Singida. Kila moja iliacha namna yake ya kuimba na kuendesha ibada. Watu wa huko kote wakakutana Dar es Salaam, katika kanisa moja, kwa Kiswahili. Lugha ilisaidia sana. Lakini lugha haichagui mwekahazina, wala haisemi msiba wa nani utajaza viti na wa nani utahudhuriwa na mchungaji na majirani wachache. Wazee wa kanisa wakiwa wote wa mkoa mmoja, watu huona, hata wasiposema.

Je, kupokeana maana yake ni kuvumilia kila jambo? La. Katika Wagalatia sura ya 2 twasoma kwamba huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na Wakristo wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga mezani, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo yule yule aliyewavumilia wala mboga wa Roma, hapo hakuvumilia. Alimkabili Petro mbele ya watu wote.