Mtoto Mgongoni, Lakini Mgongo wa Nani?



Katika mkutano wetu wa Nyakarenzo, wilayani Rusizi, mama mmoja mchuma chai alisimama akauliza: je, inafaa yaya amweleke mtoto mchanga mgongoni wakati mama yuko shambani? Wanaume waliokaa nyuma walicheka, wakasema tumekuja kuzungumza bei ya kilo. Sisi tunasema swali hilo nalo ni la bei ya kilo.

Mchuma chai ana mgongo mmoja. Akishafunga kikapu, mtoto hana mahali. Tangu mwaka 2023 sheria ya Rwanda inatoa wiki 14 za likizo ya uzazi, lakini kibarua asiye na mkataba hurudi shambani mapema, kwa kuwa asiyechuma halipwi. Mtoto hubaki na yaya, mara nyingi msichana wa kijiji cha jirani, na kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni kitenge cha kumbebea.

Kueleka mtoto si ushamba. Kabla ya vitenge wazee wetu walitumia ngozi ya kondoo, ingobyi. Muuguzi Mmarekani, Ann Moore, aliyefanya kazi Togo miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko na watoto wao mgongoni. Aliporudi kwao akabuni mfuko wa kubebea mtoto, ukauzwa kwa jina la Snugli. Leo mifuko ya namna hiyo, yenye mikanda na vifungo, inauzwa Afrika kwa bei asiyoiweza mchuma chai. Ujuzi wetu, faida ya wengine. Katika chai tumeshazoea.

Madaktari nao wamechunguza. Huko Montreal, Kanada, mwaka 1986 ilionekana kwamba watoto waliobebwa muda mrefu zaidi kila siku walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofikia wiki sita. Katika hospitali ya Beit CURE ya Blantyre, Malawi, waliangalia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 za miaka kumi hadi 2012, wasipate mtoto mchanga hata mmoja aliyepasuliwa kwa ugonjwa wa nyonga ya kuzaliwa nayo. Walidhani sababu ni mapaja kutanuka juu ya mgongo wa mama.

Basi jibu letu ni ndiyo, yaya amweleke. Lakini afundishwe. Kitenge kifike shingoni kishike kichwa, uso ubaki wazi, kidevu kisibanwe kifuani, maana pumzi ya mtoto mchanga huziba upesi. Magoti yawe juu kuliko makalio. Mtoto ambaye shingo haijakaza afungwe kifuani, yaya aone uso wake. Bibi zetu watashangaa kusikia hivyo, lakini bibi alikuwa na watoto saba wa kujifunzia, na yaya wetu huenda huyu ndiye wa kwanza.

Tatizo kubwa haliko kwenye kitenge. Mama akishaona mtoto amefungwa vizuri, huona mikono ya yaya imebaki mitupu. Humtuma maji, humpa maharagwe ya kupika motoni, humtuma kukata majani ya ng'ombe kwenye mteremko. Tumeona msichana akiinama juu ya mafiga na mtoto mgongoni, moshi unawaingia wote wawili. Yaya akiteleza na dumu la lita 20, mtoto huanguka naye. Hapo mtu mmoja anafanya kazi mbili kwa mshahara wa moja, na mwajiri si kampuni. Mwajiri ni sisi.

Maneno hayo yalipotamkwa mkutano ulinyamaza. Mama mmoja akajibu kwa uchungu: "Nimlipe kwa nini, nami nalipwa kwa kilo?" Hatukuwa na jibu rahisi. Tulikubaliana kwamba mtoto akiwa mgongoni, moto na dumu viache. Kwamba yaya apate saa ya kumshusha mtoto na kunyoosha mgongo. Na kwamba asiajiriwe mtoto wa chini ya miaka 16, kama sheria ya kazi ya mwaka 2018 inavyokataza. Wawili watatu walitazama chini.

Mshahara wa yaya haukupatiwa ufumbuzi. Umewekwa kwenye ajenda ya mkutano ujao pamoja na bei ya kilo, na tunaomba kila mwanachama mwenye yaya aje naye, mtoto akiwa mgongoni au kifuani.