Ustadi Haupimwi kwa Idadi ya Vichwa

Mechi ya Counter-Strike ikiisha, jedwali la matokeo hujitokeza kwenye skrini na macho ya wote hukimbilia safu mbili: nani kaua wangapi na kafa mara ngapi. Aliyeua 25 na kufa 12 hutembea kifua mbele. Aliyeua 11 na kufa 17 hunyamaza, au hutukanwa na wenzake. Mimi naamini uwiano huo wa kuua na kufa umewaonea wachezaji wengi kuliko kipimo kingine chochote katika michezo ya kufyatuliana risasi.

Itazame raundi moja. Ni watano kwa watano. Washambuliaji wanataka kutega bomu, walinzi wanawazuia. Mshambuliaji wa kwanza anachomoka kwenye kona akijua fika kwamba kuna bunduki inamngoja. Anapigwa, anakufa. Lakini wakati mlinzi anahangaika naye, wa pili ametokea nyuma yake na kumwangusha mlinzi huyo. Wa tatu hakufyatua hata risasi moja; kazi yake ilikuwa kutupa bomu la moshi lililomziba macho adui wa upande wa pili. Bomu linategwa na raundi inapatikana. Jedwali linasemaje? Wa kwanza ana kifo, wa tatu hana kitu, wa pili ndiye shujaa. Kisha yupo wa tano, aliyejibanza mbali mpaka mambo yakaamuliwa, halafu akamvizia mlinzi anayekimbia kuiokoa bunduki yake. Huyo kaua mmoja bila kufa. Uwiano wake umepanda, na ushindi haukumhitaji.

Ndiyo maana wachambuzi wa Counter-Strike huhesabu pia asilimia ya raundi ambazo mchezaji aliua, alisaidia kuua, alinusurika, au aliuawa na mwenzake akalipiza papo hapo. Hapo yule wa kwanza anapata haki yake. Wa tatu huhesabiwa kwa kunusurika tu; moshi wake bado haumo.

Njia nyingine ni kuacha kuhesabu vichwa na kuangalia ushindi peke yake. Njia hii tumeirithi kutoka kwenye sataranji, kwa Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Milwaukee, Marekani. Shirikisho la kimataifa la sataranji liliupokea mfumo wake mwaka 1970. Kila mchezaji ana alama, na tofauti ya alama ni utabiri: anayemzidi mwenzake kwa alama 200 anatarajiwa kushinda takriban mara 76 katika 100. Tuseme kila mechi inabeba alama 32. Mkubwa akishinda anaongezewa 8 tu, maana hilo lilitarajiwa. Akishindwa anapoteza 24. Alama zinasogea pale utabiri unapokosea, na kadiri unavyokosea sana ndivyo zinavyosogea sana.

Kwa wawili ana kwa ana mfumo huu ni mzuri mno. Kwenye timu ndipo unapokwama. Mechi ya wanne kwa wanne hutoa jibu moja tu, timu hii au ile, na jibu hilo inabidi ligawanywe kwa watu wanane. Watafiti wa Microsoft waliobuni TrueSkill kwa ajili ya Xbox 360, wakiwemo Ralf Herbrich, Tom Minka na Thore Graepel, walikadiria gharama yake. Kumjua mchezaji wa mmoja kwa mmoja huhitaji angalau mechi 12. Wakiwa wanne kwa wanne, mechi 46. Wanane kwa wanane, 91. Anayelalamika kwamba kiwango chake si sahihi baada ya mechi kumi za timu huenda anasema kweli kabisa.

Uzuri wa TrueSkill ni kwamba unakiri kutojua. Mgeni hupewa makadirio ya 25 na pengo la shaka la zaidi kidogo ya 8. Alama anayoonyeshwa ni makadirio yakiondolewa pengo hilo mara tatu, kwa hiyo kila mtu huanza na sifuri. Anapocheza, shaka hupungua na alama hupanda.

Mwaka 2018 ilitoka TrueSkill 2, iliyochanganya ushindi na takwimu za mtu binafsi, yakiwemo mauaji na vifo. Kwenye Halo 5 mfumo wa awali ulibashiri matokeo kwa usahihi wa asilimia 52, karibu sawa na kurusha shilingi. Huu mpya ulifikia 68. Hayo ni maendeleo makubwa, hasa katika kumbaini haraka fundi aliyefungua akaunti mpya ili aonee wanagenzi. Hata hivyo, takwimu binafsi zitumike kwa uangalifu. Wachezaji hukifuata kile wanachojua kinahesabiwa. Ukilipia mauaji, hakuna atakayetaka kutupa moshi.

Jambo moja halimo katika fomula hizi, nalo linatugusa sisi: umbali. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,900. Hata nyaya zingenyooka kama rula, mwanga ndani yake ungechukua takriban milisekunde 29 kwenda na kurudi, na nyaya hazinyooki. Mkenya anayecheza kwenye seva ya kule dhidi ya mwenyeji humwona adui akiwa amechelewa, mechi baada ya mechi, na alama yake hutulia mahali ambapo ustadi na ucheleweshaji vimeshachanganyika. Namba hiyo ni sahihi kwa kumtafutia mpinzani kwenye seva ileile. Si sahihi kwa kumlinganisha na kijana wa Johannesburg. Waandaaji wa mashindano wanaochagua timu za Afrika Mashariki kwa kusoma alama za mtandaoni wawaite wachezaji ukumbini kwanza, wawaunganishe kwenye seva moja kwa waya, wawachezeshe mechi nyingi, na wamweke mtu wa kurekodi nani aliingia wa kwanza na nani alitupa moshi.