Kutu iliyofichika: Jinsi nyaya za madaraja ya zege zinavyochunguzwa

MWENDO wa saa tisa usiku, Septemba 11, 2024, sehemu ya Daraja la Carola mjini Dresden, Ujerumani, yenye urefu wa takriban mita 100, ilikatika na kutumbukia katika mto Elbe. Dakika chache kabla ya hapo, tramu ilikuwa imepita juu yake. Hakuna aliyejeruhiwa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kikuu kilikuwa nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege. Unyevu uliozifikia wakati wa ujenzi ulizitia kutu, na haidrojeni iliyotokana na kutu hiyo ikazitia nyufa. Kwa miaka mingi nyaya zilikatika moja baada ya nyingine.

Nyaya hizo zina kazi gani? Zege huhimili vyema mzigo unaoligandamiza, lakini ni dhaifu likivutwa. Kwa hiyo, wahandisi hupitisha nyaya imara katika mabomba yaliyolazwa ndani ya zege, wakazivuta kwa nguvu kubwa, kisha wakazikaza kwenye ncha zake. Nyaya hulibana daraja jinsi kamba inavyobana tita la kuni. Kamba ikikatika, tita husambaratika.

Ili kuzikinga, mabomba hujazwa rojo la saruji, ambalo kwa asili yake ya alkali huzuia chuma kushika kutu. Hatari huja rojo hilo lisipojaa sawasawa. Maji na chumvi hupata mwanya wa kupenya.

Hayo ndiyo yaliyotokea Wales, ambako daraja dogo la Ynys-y-Gwas, lililojengwa mwaka wa 1953, liliporomoka Desemba 4, 1985 bila ya kutoa ishara yoyote ya wazi. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imepenya kwenye viungo vya zege na kula nyaya. Mnamo 1992, serikali ya Uingereza ilisitisha kwa muda ujenzi wa madaraja mapya ya aina hiyo.

Ikiwa macho hayatoshi, wataalamu hutumia nini?

Njia mojawapo ni kusikiliza. Waya unapokatika, hutoa mlio unaosafiri ndani ya zege, na vitambuzi vilivyobandikwa kwenye daraja huunasa. Baada ya mkasa wa Dresden, vifaa hivyo viliwekwa kwenye sehemu zilizosalia, na mwaka wa 2025 vikanasa nyaya zaidi zikikatika. Hata hivyo, vitambuzi haviwezi kueleza ni nyaya ngapi zilizokatika kabla havijawekwa.

Njia ya pili ni ya sumaku. Waya husumakishwa kutoka nje, kisha kifaa hupitishwa juu ya zege kutafuta mahali ambapo nguvu za sumaku zinavuja, dalili kwamba waya umekatika.

Ya tatu, iliyostawishwa hasa nchini Uswisi, huchunguza kinga yenyewe. Nyaya hufungiwa katika bomba la plastiki lisilopitisha umeme, kisha wahandisi hupima ukinzani wa umeme kati ya nyaya hizo na nondo za zege. Ukinzani ukiwa mkubwa, bomba ni zima. Ukishuka, huenda bomba limetoboka na maji yameingia.

Tofauti baina ya njia hizi ni wakati. Kupima kinga huwapa wahandisi miaka ya kujiandaa, ilhali mlio wa waya unaokatika huenda ukawapa muda wa kufunga barabara tu. Lakini kipimo hicho cha umeme sharti kipangwe tangu ujenzi. Ni vigumu mno kukiongeza katika daraja kuukuu.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna barafu barabarani, lakini katika madaraja ya pwani, chumvi huletwa na upepo wa bahari. Hivyo, kila daraja jipya linapopangwa, yafaa iulizwe mapema jinsi nyaya zake zitakavyochunguzwa miaka 30 baadaye. Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako.