Ilhamu na Kazi ya Mkono: Mandhari katika Maisha ya Mchoraji John Constable

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hukutana na neno mandhari mapema sana katika masomo yake. Hufunzwa kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio ya hadithi hutokea. Huyataja katika jibu la mtihani, kisha huharakisha kuingia katika wahusika, maudhui na mtindo. Kwa namna hiyo mandhari hugeuzwa kuwa mkeka tu uliotandikwa ili wageni wapate pa kukalia. Uchoraji nao ulikumbwa na hali kama hiyo. Katika vyuo vya sanaa vya Ulaya vya karne ya 18, picha zilizoheshimiwa zaidi ni zile zilizosimulia habari za wafalme, mashujaa na masimulizi ya dini. Mlima, mto na mti vilikuwa na nafasi yao nyuma ya watu hao. Aliyechagua kuchora mto kwa ajili ya mto wenyewe alihesabiwa kuwa msanii wa daraja la chini.

John Constable, Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1837, ni miongoni mwa wasanii waliolipinga daraja hilo kwa kazi ya maisha yao yote. Makala haya yanachunguza alikopata ilhamu, mbinu alizotumia kuigeuza ilhamu hiyo kuwa picha, na gharama aliyoilipa. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ilhamu ya Constable ilitokana na kutazama mahali pamoja kwa miaka mingi, kuweka kumbukumbu kwa uaminifu, na kurudia kazi mpaka ikubali. Funzo hilo linamhusu mwandishi chipukizi sawasawa na mchoraji.

Mto, Kinu na Upepo

Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Babake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Alimiliki kinu cha maji cha Flatford katika Mto Stour na kingine katika kijiji jirani cha Dedham, pamoja na matishali yaliyokokotwa na farasi kando ya mto ili kusafirisha nafaka na unga. Familia hiyo pia ilikuwa na kinu kilichoendeshwa kwa nguvu za upepo.

Kijana John alitazamiwa kuirithi kazi hiyo, na kwa muda wa takriban mwaka mmoja alifanya kazi kinuni. Msaga nafaka kwa upepo hana budi kuisoma mbingu. Upepo ukigeuka, mapanga ya kinu yageuzwe. Dhoruba ikija ghafla, kinu kinaweza kuvunjika. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa msagaji methali hiyo ni kanuni ya kazi. Mazoea hayo ya kuinua macho na kuuliza wingu linaelekea wapi yalikuja kuwa msingi wa sanaa yake.

Mwaka 1799, baada ya kupata ridhaa ya babake, Constable alijiunga na shule ya Royal Academy, taasisi kuu ya sanaa mjini London. Mdogo wake, Abram, ndiye aliyekuja kuchukua usukani wa biashara ya familia.

Kurudi Nyumbani

Mjini London, wanafunzi walifunzwa kwa kunakili picha za mabingwa wa kale. Constable alinakili pia, na alinufaika. Hata hivyo, mwaka 1802 alimwandikia rafiki yake wa kijijini, John Dunthorne, kwamba kwa miaka miwili alikuwa akizikimbilia picha za watu na kuutafuta ukweli kupitia mikono ya wengine. Aliazimia kurudi East Bergholt ili ajifunze kutoka kwa vitu vyenyewe. Mwaka huohuo alikataa nafasi ya kufundisha uchoraji katika chuo cha kijeshi, ingawa ingempa mshahara wa hakika.

Uamuzi huo haukuwa rahisi. Wachoraji wengi wa mandhari wa wakati wake walisafiri kwenda Italia au milimani kutafuta maajabu. Constable hakuwahi kutoka nje ya Uingereza maisha yake yote. Alichora milango ya kuzuia maji mtoni, maboma ya miti yaliyooza, matope, farasi wa kukokota matishali na vibarua shambani. Vitu hivi vilikuwa vya kawaida mno hivi kwamba waliovipita kila siku hawakuviona.

Kati ya miaka ya 1810 na 1817 alifanya mazoezi mengi ya kuchora nje, mbele ya kile alichokichora. Alibeba kisanduku kidogo cha rangi, akabana kipande cha karatasi katika kifuniko chake, kisha akakiweka kisanduku magotini. Mara nyingi karatasi hiyo ilikuwa imepakwa mapema rangi ya kahawia au ya waridi. Mbinu hii ilikuwa na faida mbili. Kwanza, msanii hakuanza na weupe unaoumiza macho na kupotosha makadirio ya mwanga. Pili, rangi hiyo ya chini iliachwa ichungulie hapa na pale kati ya miti na mawingu, ikaiunganisha picha nzima bila kupoteza muda. Muda ulikuwa muhimu, kwa maana mwanga haumsubiri mtu.

Mbingu kama Somo

Kuanzia mwaka 1819, Constable na familia yake walikuwa wakipanga nyumba Hampstead, mahali pa mwinuko karibu na London. Huko, hasa katika miaka ya 1821 na 1822, aligeuza mbingu kuwa darasa. Alichora mawingu kwa rangi za mafuta, mara nyingi bila nyumba wala mti. Mwezi Oktoba mwaka 1822 alimwandikia rafiki yake John Fisher kwamba alikuwa amekamilisha takriban picha 50 za namna hiyo. Nyuma ya nyingi kati yake aliandika tarehe, saa, mwelekeo wa upepo na hali ya hewa.

Zoezi hili lilifanyika wakati elimu ya hali ya hewa ilikuwa changa. Mwaka 1802, Luke Howard, Mwingereza mwingine, alikuwa ametoa mhadhara uliogawa mawingu katika aina na kuyapa majina ambayo msingi wake unatumika hadi leo. Constable alikuwa na kitabu kilichoueleza mfumo huo, naye alikiandikia maoni yake pembezoni. Kwa mtazamo wake, mbingu ndiyo inayotawala hisia ya picha ya mandhari. Hoja hiyo ina mantiki: mwanga wote unaoonekana ardhini hutoka juu. Mchoraji akichora mawingu ya jua la mchana juu ya uwanda wenye vivuli vya jioni, picha itakuwa imesema uongo, hata kama kila sehemu ni nzuri ikitazamwa pekee.

Mwaka 1836, katika mihadhara yake, alitetea wazo kwamba uchoraji ni sayansi, na kwamba picha ni majaribio ya kuchunguza kanuni za maumbile. Kauli hiyo haikuziondoa hisia katika sanaa. Ilizidai hisia zijengwe juu ya maarifa.

Kutoka Mchoro wa Awali hadi Picha Kamili

Michoro midogo ya nje haikutosha kumpa jina. Katika maonyesho ya Royal Academy, kuta zilijaa picha, na iliyokuwa ndogo haikuonekana. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1819 hadi 1825, Constable alionyesha picha sita kubwa za Mto Stour, nyingi zikiwa na upana wa futi sita hivi. Ya kwanza, The White Horse, ilimpatia uanachama mshiriki wa Royal Academy mwaka huohuo wa 1819.

Swali lililomkabili lilikuwa gumu: uhai wa mchoro wa dakika chache utahamishwaje hadi kwenye kitambaa kikubwa kinachochukua miezi? Jibu lake lilikuwa la kipekee. Kabla ya kuchora picha ya maonyesho, alichora kwa rangi za mafuta mchoro wa awali wenye ukubwa uleule. Hapo aliruhusu brashi na kisu cha rangi vikimbie. Alijaribu mpangilio wa mwanga na giza, akahamisha watu na wanyama, akafuta. Ni sawa na mwandishi aandikaye rasimu nzima ya riwaya, aiweke kando, kisha aandike nyingine.

Mfano bora ni The Hay Wain ya mwaka 1821, picha ya gari tupu la kubebea nyasi kavu likivuka maji karibu na kinu cha Flatford. Constable aliichora London, si mtoni. Alitegemea michoro aliyoifanya miaka mingi kabla. Alipogundua kwamba hajui vizuri muundo wa gari la aina hiyo, alimwomba Abram amtafutie mchoro, nao ukachorwa na mwana wa Dunthorne na kutumwa. Katika mchoro wa awali kulikuwa na mpanda farasi karibu na mbwa aliye ukingoni. Katika picha ya mwisho Constable aliweka pipa mahali pake, kisha pipa lenyewe akalifunika kwa rangi. Nafasi ile ilihitaji utulivu, na msanii alikuwa tayari kuitoa kazi yake mwenyewe mhanga.

Rangi na Mwanga

Wapo waheshimiwa walioamini kwamba picha ya mandhari sharti iwe na rangi ya kahawia kama picha za kale. Inasimuliwa kwamba mlezi mmoja wa wasanii, Sir George Beaumont, alipendekeza rangi ya fidla kuukuu iwe kipimo. Constable aliichukua fidla hiyo na kuilaza kwenye nyasi mbele ya nyumba. Jibu halikuhitaji maneno.

Kijani chake nacho hakikuwa kimoja. Badala ya kupaka uwanda kwa rangi moja iliyochanganywa tayari, aliweka vijani vingi tofauti, kimoja kando ya kingine, na macho ya mtazamaji yakaviunganisha na kuviona vikitikisika. Mahali palipozidi ubaridi aliweka tone la rangi nyekundu, kama ile ya hatamu za farasi katika The Hay Wain, na kijani kikachangamka. Juu ya majani na maji alidondoa nukta nyeupe kuonyesha umande na miale ya jua. Wakosoaji walizikejeli nukta hizo kwa kuziita theluji ya Constable.

Gharama ya Uaminifu

Methali yasema mcheza kwao hutunzwa. Maisha ya Constable yanaitilia methali hii swali. Alipompenda Maria Bicknell mwaka 1809, babu ya binti huyo, aliyekuwa kasisi wa East Bergholt, aliipinga ndoa hiyo na kutishia kumnyima Maria urithi. Mchoraji wa mito na vinu hakuonekana kuwa mwenye mustakabali. Wapenzi hao walisubiri miaka saba, wakaoana Oktoba 1816, baada ya babake John kufariki na kumwachia sehemu ya mali.

The Hay Wain haikupata mnunuzi ilipoonyeshwa London mwaka 1821. Ilinunuliwa na mfanyabiashara kutoka Paris, ikaonyeshwa huko mwaka 1824, na Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa akamtunuku Constable nishani ya dhahabu. Mchoraji mashuhuri Eugène Delacroix alipoziona picha zake alirudia kurekebisha sehemu za kazi yake mwenyewe. Aliyecheza kwao alitunzwa kwanza ugenini. Picha hiyo iliingia katika National Gallery ya London mwaka 1886 tu, karibu miaka 50 baada ya kifo chake.

Maria alifariki kwa kifua kikuu Novemba 1828, akiacha watoto saba. Miezi mitatu haikutimia kabla ya Royal Academy kumchagua Constable kuwa mwanachama kamili, kwa kura moja tu ya ziada. Alisikitika kwamba heshima hiyo ilichelewa mpaka akawa mpweke, asiwe na wa kumshirikisha. Mwaka huo wa 1829 alionyesha Hadleigh Castle, picha ya magofu ya ngome kando ya bahari chini ya mbingu iliyochafuka. Chimbuko lake lilikuwa mchoro mdogo wa penseli alioufanya mwaka 1814. Kwa miaka 15 mchoro huo ulikaa daftarini. Majonzi yalipofika, yalikuta mahali pa kukaa pameshaandaliwa.

Hitimisho

Hapa ndipo siri ya ilhamu inapofumbuka. Huzuni peke yake haikuichora Hadleigh Castle, kwani wafiwa ni wengi na wachoraji ni wachache. Wala ufundi peke yake haukutosha. Picha ilizaliwa pale hisia ya mwaka 1829 ilipokutana na uangalifu wa mwaka 1814.

Mwandishi chipukizi wa Kiswahili ana mengi ya kuvuna katika maisha haya. Kinu cha kusaga mahindi sokoni, kivuko cha mto wakati wa masika, vumbi la barabara ya kwenda shuleni: haya ni mandhari yanayosubiri mtu wa kuyatazama kwa subira, ayaandike na tarehe yake na saa yake, kabla hajajua yatamfaa katika hadithi gani. Ayaandike kama yalivyo, ayaandike tena, na awe tayari kulifuta pipa alilolipenda. Siku jambo zito litakapomfika na kudai kusemwa, hatakuwa na haja ya kuazima mandhari ya vitabu vya wengine.