Alool, Kebed na Mikeka ya Mkoma: Mapambo ya Nyumba Yanayotengenezwa Hapa Kwetu

Sebule nyingi za mjini Garissa zinafanana. Zulia la kiwanda limetandazwa ukuta hadi ukuta, mito ya kuegemea imepangwa kando, mapazia mazito yanang'aa, na juu ya kabati kuna maua ya plastiki. Hakuna ubaya wowote. Vitu hivyo vinapatikana kwa urahisi Soko Mugdi na madukani, na vinapendeza. Cha kushangaza ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo mara nyingi yuko ayeeyo ambaye, alipokuwa msichana, alisuka kwa mikono yake mapambo ya nyumba nzima, na hakuna hata moja lililobaki ukutani.

Makala haya yanaeleza mapambo hayo ni yapi, yanatengenezwaje, mkazi anayeyataka atayatambua vipi asiuziwe bidhaa ya kiwanda, na sheria inawapa watengenezaji haki gani.

Nyumba iliyosukwa

Kwa wafugaji wa Kisomali mkeka haukuwa pambo la nyumba. Mkeka ndio uliokuwa nyumba. Aqal, nyumba ya kuhamahama, ina mifupa ya fito na mizizi ya mgunga iliyopindwa kuwa matao, na juu ya matao hayo hufunikwa mikeka tabaka juu ya tabaka. Kazi yote ni ya wanawake. Msichana anapokaribia kuolewa, mama yake na jamaa wa kike hukusanyika kumsukia nyumba, na nyumba hiyo huwa mali yake yeye, si ya mume. Siku ya kuhama anaifungua mwenyewe na kuipakia kwenye ngamia. Mikeka minene, ile inayojulikana kama herio, huwekwa mgongoni mwa mnyama ili mzigo usimchubue.

Kila mkeka una kazi yake. Kebed hutengenezwa kwa nyuzi za gamba la ndani la mti wa galool, ambao ni aina ya mgunga. Gamba hulainishwa mpaka litoe nyuzi laini, kisha nyuzi husukwa zikiwa zimeachiwa manyoya upande mmoja. Mkeka wa namna hii ni mzito, na ndio unaopokea jua na mvua. Unapolowa, nyuzi huvimba na kuziba matundu. Unapokauka, hupitisha hewa. Mtu aliyewahi kulala ndani ya aqal mwezi wa Februari, halafu akalala chini ya mabati mwezi huo huo, hahitaji kuelezwa tofauti.

Alool ni ya ndani. Hii ni pazia la vijiti vyembamba vilivyonyooshwa na kupangwa sambamba, kila kijiti kikiwa kimezungushiwa nyuzi za rangi. Vijiti vinapounganishwa, rangi hizo hukutana na kuchora pembetatu, misalaba na mistari ya zigizaga. Msukaji hana karatasi ya kuchorea. Mchoro wote anao kichwani, naye huhesabu kijiti kwa kijiti huku wenzake wakiimba nyimbo za kazi. Zamani rangi zilitoka kwenye mimea. Leo wengi hutumia rangi ya unga ya dukani, nyuzi za sufu, hata nyuzi zinazofumuliwa kutoka magunia ya nailoni. Wapo wanaoona hilo kuwa ni kuharibu mila. Lakini magunia hayo yameifanya kazi iendelee pale ambapo malighafi nyingine imekuwa ghali au iko mbali, na alool iliyosukwa vizuri kwa nyuzi za gunia bado ni alool.

Kwa nyumba ya mawe ya mjini, alool ndiyo inayofaa zaidi. Ikitundikwa nyuma ya mito ya kuegemea huchukua nafasi ya rangi ya ukuta na ya picha kwa pamoja, nayo haishiki joto. Kipande kidogo kinatosha kugawa chumba cha kulala na sebule.

Chombo cha maziwa, haan, kinastahili kutajwa ingawa si mkeka. Nyuzi za mizizi husukwa zikabana hadi chombo kiweze kubeba maziwa bila kuvuja, kisha ndani hufukizwa kwa kaa la mti wenye harufu nzuri. Siku hizi maziwa ya ngamia yanaingia mjini kwenye madumu ya plastiki, na haan zilizobaki zinaonekana zaidi kwenye sherehe za utamaduni. Iliyozeeka bado hupendeza juu ya rafu.

Kandokando ya Tana

Mtoni hadithi ni nyingine. Wapokomo, Wamunyoyaya na Wamalakote wanaokaa kandokando ya Tana wana mkoma, na mkoma hutoa majani ya kusukia. Makuti machanga hukatwa, huanikwa mpaka yageuke meupe, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Baadhi ya chane huchemshwa kwenye rangi. Msukaji huzisuka kuwa ukili, yaani utepe mrefu usio na mwisho unaoviringishwa kama kamba, na ukili ukishatosha hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka upatikane. Kwa hiyo anayetaka kujua ubora wa mkeka wa mkoma atazame mshono, asitazame rangi. Ukili mwembamba wenye mshono usioonekana ni kazi ya siku nyingi. Ukili mpana wenye mshono wa kuruka ni kazi ya haraka, na bei yake iwe ya haraka vilevile.

Mikeka hii hutandikwa sakafuni, lakini mviringo mmoja wenye rangi mbili tatu ukitundikwa ukutani humfanya mgeni aulize umetoka wapi.

Kitambaa

Upande wa nguo, eneo hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyojua. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kuhusu kitambaa kilichofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Ufumaji huo haukufa. Ndio uliozaa alindi, kitambaa cha pamba cha Benadir kinachofumwa kwa mtambo wa mkono, ambacho bado huvaliwa kama guntiino kwenye harusi na sherehe za utamaduni. Katika karne ya 19 wafumaji wake walipata pigo kutoka kwa merikani, kitambaa cha kiwandani kilichokuja kwa meli kutoka Marekani kikiuzwa rahisi. Walijibu kwa kushikilia kile ambacho mashine haikukileta, yaani mistari na rangi ambazo wenyeji walizitambua kuwa ni zao. Kipande cha alindi halisi kikishonwa foronya za mito ya kuegemea, sebule hubadilika bila kununuliwa kiti kimoja.

Kazi nyingine ya mkono ambayo imeenea, hasa kupitia mafunzo ya vikundi vya wanawake mjini na katika kambi za Dadaab, ni batiki na kitambaa cha kufunga na kutia rangi. Katika kufunga, kitambaa cheupe cha pamba hukunjwa na kukazwa kwa uzi, kisha hutumbukizwa kwenye rangi. Palipokazwa hapaingii rangi. Katika batiki, nta iliyoyeyushwa hupakwa kwa brashi au hugongwa kwa muhuri wa mbao uliochongwa, kitambaa hutiwa rangi, halafu nta huondolewa kwa maji ya moto. Fundi anaweza kurudia hatua hizo mara tatu au nne, kila mara kwa rangi iliyo nzito zaidi. Nta hupasuka kidogo inapokauka, na rangi hupenya kwenye nyufa hizo. Ndiyo maana batiki huwa na mistari midogo kama mishipa, na hakuna vipande viwili vinavyolingana kabisa.

Kutambua na kununua

Mistari hiyo midogo ndiyo ushahidi wa kwanza. Wa pili ni upande wa nyuma. Kitambaa kilichochovywa kwenye rangi huwa na rangi karibu sawa pande zote mbili. Kilichochapishwa kiwandani huwa kimepauka nyuma. Kabla ya kulipa, mnunuzi afute kitambaa kwa leso nyeupe iliyoloweshwa. Rangi ikitoka nyingi, basi haikukazwa vizuri kwa chumvi na dawa, na itachafua kila kitu kwenye beseni siku ya kufuliwa.

Kwa mikeka, kazi ya mkono hujulikana kwa makosa yake. Pembetatu moja itakuwa nene kidogo kuliko jirani yake, na mahali fulani uzi wa rangi uliisha ukaungwa na mwingine unaokaribiana nao. Mkeka wa plastiki wenye michoro inayofanana na ya alool upo sokoni, nao huoshwa kwa urahisi. Asiuchukue mtu kwa bei ya alool, basi.

Wasukaji wengi hawana duka. Wako kwenye bula za pembezoni mwa mji, kwenye vijiji vya mtoni na kwenye masoko ya Hagadera, Ifo na Dagahaley. Kazi kubwa huagizwa. Mwenye kuagiza apeleke vipimo vya ukuta wake, akubaliane na msukaji kuhusu rangi, na atangulize sehemu ya pesa ili malighafi inunuliwe. Kisha asubiri. Alool ya ukuta mzima haimaliziki kwa wiki moja, na anayetaka imalizike kwa wiki moja atapewa vijiti vilivyolegea. Kuhusu bei, watu hupatana, na kupatana si kosa. Ila mnunuzi ahesabu siku za kazi kabla ya kutaja pesa, kama ambavyo angehesabu siku za fundi wa mawe.

Kutunza

Adui wa mkeka Garissa ni vumbi, jua na mchwa. Vumbi hukung'utwa nje kwa fimbo laini, asubuhi. Alool isimwagiwe maji, kwani vijiti hupinda na rangi ya unga huchuruzika. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri utapausha rangi yoyote. Mkeka ukitundikwa, uachwe juu ya sakafu kwa urefu wa kiganja ili mchwa wasipande, na kila baada ya miezi michache utazamwe upande wa nyuma. Moshi wa uunsi kutoka kwenye dabqaad hauudhuru.

Miti na mikono

Kuna mambo mawili yanayoweza kumaliza kazi hii, na yote mawili yako mikononi mwa wakazi. La kwanza ni miti. Galool inayobanduliwa gamba kuzunguka shina lote hufa. Wasukaji wazoefu huchukua gamba la matawi na kuliacha shina, lakini mchoma makaa hana hesabu hiyo, na mti mmoja uliochomwa ni kebed kadhaa ambazo hazitasukwa. Mkoma nao huvumilia kukatwa makuti iwapo kichipukizi cha katikati kitaachwa.

La pili ni ujuzi wenyewe. Mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, familia nyingi zilipoteza mifugo na kuhamia mijini. Asiye na ngamia hana haja ya herio, na binti anayekulia kwenye nyumba ya mabati hajifunzi kusuka aqal. Mahali pekee ambapo mkono wa ayeeyo unaweza kuendelea kupata kazi ni ukuta wa sebule ya mjini, ikiwa mwenye sebule anaona thamani yake.

Haki za watengenezaji

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno la kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, kuwa alama yake ya biashara. Ombi lilipingwa na Wakenya pamoja na wenzao wa Uingereza, na mwishowe likaachwa. Kama lingepita, mfanyabiashara wa Kenya angezuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake mwenyewe.

Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Matamko ya Kitamaduni mwaka 2016, ikitekeleza Kifungu cha 11 cha Katiba. Chini ya sheria hiyo, ujuzi na michoro ya jadi ni mali ya jamii iliyoirithi, na anayetaka kuitumia kibiashara kutoka nje anatakiwa kupata idhini ya jamii hiyo kwanza. Haki hiyo ipo hata kabla ya usajili. Hata hivyo usajili husaidia kuthibitisha, na serikali ya kaunti ndiyo yenye jukumu la kusajili maarifa na matamko ya jamii zilizo ndani ya mipaka yake.

Wasukaji wanaofanya kazi pamoja wana faida nyingine wakijisajili kama kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na usajili hufanyika katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti na kuomba mikopo ya Hazina ya Uwezo au ile ya Hazina ya Wanawake. Vilevile kinaweza kuomba cheti cha kushindania asilimia 30 ya zabuni za serikali zilizotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ofisi, kumbi na hospitali za umma hununua mapazia na mazulia kama nyumba nyingine, na hakuna kinachomzuia msukaji wa Balambala au Ijara kuyauza huko. Anayehitaji maelezo zaidi aanzie kwa msimamizi wa wadi yake, akiwa na kitambulisho, orodha ya wanachama na, ikiwezekana, sampuli moja ya kazi yao.